Michael Phelan: Gwiji aliyeipa biliadi makao na heshima

MCHEZO wa pool umeota mizizi nchini Kenya kiasi kwamba si rahisi kupata kituo cha biashara kisichokuwa na meza yake, iwe ndani ya baa au chini ya kibanda cha mabati kando ya barabara. Vijana huizunguka meza hiyo jioni nzima, fimbo mkononi na chaki vidoleni, huku wazee wapitao wakiitazama kwa jicho la shaka. Kwao, palipo na meza ya pool pana pombe, pana kamari na pana uzembe.

Shaka hiyo si ngeni. Zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, wazazi na wahubiri wa jiji la New York waliitazama biliadi, mzazi wa pool, kwa jicho lilo hilo. Mtu aliyejitwika jukumu la kuifuta shaka hiyo alikuwa Michael Phelan, ambaye wapenzi wa mchezo huo humwita baba wa biliadi ya Marekani. Yeyote aliyeikagua meza ya pool ameiona kazi yake bila kujua. Vile vialama vidogo vilivyopangwa juu ya ukingo wa mbao, ambavyo humsaidia mchezaji kukadiria tufe litagonga wapi na kurudi upande gani, Phelan ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuviweka.

Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1810 katika mji wa Castlecomer, Kaunti ya Kilkenny, Ireland, eneo lililojulikana kwa machimbo ya makaa ya mawe. Alivushwa bahari ya Atlantiki akiwa bado mtoto, miaka mingi kabla ya njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliyowasukuma Wairishi kwa mamia ya maelfu hadi bandari za Marekani. Alikulia New York, jiji ambalo Mwairishi alihesabiwa kuwa mtu wa chini, mlevi na mgomvi, hata kabla hajafungua kinywa. Mtu wa asili hiyo aliyetaka kula jasho lake kwa mchezo uliosifika kwa ulevi na ugomvi alikuwa amebeba mizigo miwili kichwani kwa wakati mmoja.

Biliadi ya enzi hizo ilikuwa na sura mbili. Juu zilikuwako meza za matajiri, zilizowekwa ndani ya majumba ya kifahari na klabu za waungwana, ambako mtu wa kawaida hakuthubutu kukanyaga. Chini zilikuwako meza za mabaa, zilizopinda na zenye kitambaa kilichotoboka, ambako matapeli walijifanya hawajui kucheza ili wamnase mgeni mwenye fedha. Baina ya hizo mbili hapakuwa na mahali pa karani, fundi au mwenye duka aliyetaka tu kupumzika na wenzake baada ya kutwa nzima ya kazi.

Pengo hilo ndilo Phelan aliloliona. Wachezaji stadi walikuwa tele katika zama zake, na yamkini wapo waliomshinda kwa wepesi wa mkono. Lakini ni yeye aliyetambua kwamba mchezo hauwezi kupata heshima ikiwa nyumba unamochezewa haina heshima, na kwamba nyumba haiwezi kuwa na heshima pasipo kanuni zinazojulikana na wote waingiao.

Alianza na kitabu. Mwaka wa 1850 alichapisha Billiards Without a Master, ambacho, kama jina lake linavyodokeza, kilimwahidi msomaji kwamba angeweza kujifunza biliadi bila mwalimu. Kilikuwa kitabu cha kwanza kuandikwa Marekani kuhusu mchezo huo. Kabla yake maarifa ya biliadi yalirithishwa kwa mdomo na kwa kutazama, na aliyeyajua vyema aliyaficha kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mtaji wake. Phelan aliyaweka hadharani kwa michoro: jinsi ya kushika fimbo, jinsi ya kuligonga tufe pembeni ili lijipinde, na njia ambayo tufe hupita likishagonga ukingo. Siri iliyokuwa ya tapeli ikawa mali ya kila mwenye kujua kusoma. Kwa maoni yangu, pigo hilo dhidi ya matapeli lilikuwa na uzito kuliko mahubiri yote yaliyowahi kutolewa dhidi yao.

Katika kitabu hicho na vingine vilivyofuata, hasa The Game of Billiards, Phelan hakuishia kwenye ufundi. Alieleza kanuni za mchezo kwa utaratibu na akafundisha ustaarabu wa ukumbini. Aidha, alishikilia kwamba mchezo huu ni mazoezi mepesi yafaayo mwili na akili, na kwamba wanawake nao waucheze nyumbani pamoja na familia zao. Kwa wakati huo pendekezo hilo halikuwa dogo, maana kuwataja mke na binti katika sentensi moja na meza ya biliadi kuliwashangaza wengi.

Katika miaka ya 1850 alielekea California, ambako dhahabu ilikuwa imevumbuliwa mwaka wa 1848. San Francisco ilikuwa imefurika wanaume wasio na familia, wenye fedha mfukoni na wasiojua wazipeleke wapi nyakati za jioni. Phelan alifungua ukumbi huko, akajionea jinsi watu waliotoka pembe zote za dunia walivyoweza kuelewana kuizunguka meza moja hata pale ambapo ndimi zao hazikuelewana. Alirejea New York akiwa na tajriba hiyo, na ndipo kazi yake kubwa ilipoanza.

Ukumbi wake maarufu ulikuwa kwenye barabara ya Broadway, pale inapokutana na mtaa wa Tenth Street. Ulikuwa ukumbi wa fahari, wenye meza zilizolingana kwa ubora, na haukuwa uchochoro wa kuingia mtu akitazama nyuma asije akaonekana. Mtu hakuhitaji kupendekezwa na wanachama wala kutoa ada ya mwaka kama ilivyokuwa katika klabu za matajiri. Aliingia, akalipia mchezo wake, akatarajiwa kutii desturi za nyumba. Kwa kawaida ya Marekani siku hizo, aliyeshindwa ndiye aliyelipia meza, desturi ambayo wachezaji wengi wa Kenya wataitambua mara moja.

Naam, lilikuwa jambo la biashara. Phelan hakuwa mfadhili, na kila mwanamume mwenye heshima aliyevutiwa na mchezo huo alikuwa mteja mtarajiwa wa meza zake. Kwa ushirikiano na Hugh Collender, Mwairishi mwenzake aliyekuwa pia mkwewe, alianzisha kampuni ya Phelan & Collender iliyotengeneza meza za biliadi na kuziuza kote nchini. Wawili hao walielewa kwamba meza mbovu huzaa ugomvi. Tufe likienda kombo kwa sababu ya ubao uliopinda, mchezaji hudai kuhujumiwa, na dau likiwa mezani ngumi hufuata.

Kwa hiyo Phelan alijishughulisha sana na kingo za meza. Hapo zamani kingo hizo zilijazwa matabaka ya vitambaa au manyoya, na tufe lililozigonga lilirudi kwa uvivu. Mpira wa asili ulipoanza kutumiwa katika miaka ya 1830, tatizo jingine lilizuka: wakati wa baridi mpira huo uligeuka mgumu kama jiwe, hata Waingereza wakalazimika kuupasha kwa vyombo vya maji moto kabla ya kucheza. Mwaka wa 1844, Charles Goodyear alipata hataza ya njia ya kuuchemsha mpira pamoja na salfa ili usibadilike kwa joto wala baridi. Phelan naye akabuni kingo zake za mpira huo na kuzisajili kwa hataza zake mwenyewe. Kingo zikawa za kuaminika, na kwa kuwa sasa tufe lilirudi kwa njia iliyoweza kutabiriwa, vile vialama vya ukingoni vikawa na maana. Hesabu ilichukua nafasi ya bahati.

Usiku uliolifanya jina la Phelan lijulikane hata kwa watu ambao hawajawahi kushika fimbo ulikuwa wa Aprili 12, 1859, katika ukumbi wa Fireman's Hall mjini Detroit. Mpinzani wake alikuwa John Seereiter, bingwa wa eneo hilo. Walicheza mtindo wa Kimarekani wa matufe manne, meupe mawili na mekundu mawili, na wa kwanza kufikisha pointi 2,000 ndiye angekuwa mshindi. Dau lilikuwa dola 15,000. Ili msomaji apate picha, kibarua wa New York siku hizo alilipwa takriban dola moja kwa siku, kumaanisha kwamba fedha zilizokuwa zikishindaniwa zingemlipa mtu huyo mshahara wa karibu miaka 50.

Mchuano uliendelea usiku kucha. Phelan na Seereiter walifuatana kwa karibu, pointi kwa pointi, na ilikuwa karibu na mapambazuko Phelan alipofika kwenye 2,000. Hakuna pambano la biliadi nchini humo lililokuwa limewahi kuvuta macho ya taifa zima namna hiyo, na magazeti yalilipa nafasi ambayo kwa kawaida iliwekewa farasi na mabondia. Mwaka huo huo Phelan alianza kuandika safu kuhusu biliadi katika gazeti la Frank Leslie, akiwaeleza wasomaji mbinu na habari za mchezo.

Hapa ndipo maisha ya Phelan yanapotatiza. Mtu aliyejinadi kuwa adui wa kamari, aliyewasihi wamiliki wa kumbi wawafukuze wacheza dau, alijipatia umaarufu kwa dau kubwa kuliko yote. Yapo maelezo ya kumtetea. Ligi hazikuwapo, wala wadhamini wala matangazo ya biashara, na fedha za mashindano zilitoka kwa wachezaji wenyewe na marafiki zao. Fauka ya hayo, pambano lililofanywa mbele ya umma, lenye mwamuzi na magazeti, ni tofauti na hila za usiku baina ya tapeli na mlevi. Hata hivyo, tofauti hiyo haikuwa rahisi kwa mama mzazi kuiona. Aliloliona yeye ni kwamba watu walitajirika kwa usiku mmoja kupitia biliadi, na mwanawe angeweza kushawishika kujaribu. Mgala muue na haki yake mpe: Phelan aliusafisha mchezo kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiipalilia kasoro ile ile.

Baada ya ushindi wa Detroit alijiondoa polepole kwenye mashindano na kuwaachia vijana uwanja. Mnamo 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto Marekani, mashindano ya ubingwa wa taifa yaliandaliwa New York na mshindi akawa Dudley Kavanagh. Kumbi za biliadi zilikuwa zimeenea katika miji mikubwa na midogo, na viwanda vilikuwa vikishindana kuuza meza. Ndoto ya Phelan ilikuwa imetimia kwa kiasi kikubwa. Ajabu ni kwamba ufanisi huo wenyewe ndio uliozua tatizo jipya, na tatizo hilo linatuhusu sisi wakazi wa Afrika Mashariki.

Matufe yote ya biliadi bora yalitengenezwa kwa pembe za ndovu. Hapakuwa na kitu kingine chenye uzito, ugumu na mnyumbuko uliofaa. Lakini si kila sehemu ya pembe hufaa. Upande wa shina pembe huwa na uwazi ndani, na ni ile sehemu iliyojaa pekee ndiyo iliyoweza kuchongwa. Mafundi walitafuta pembe zenye unene uliozidi tufe kidogo tu, ili mshipa mwembamba unaopita katikati ya pembe upite pia katikati ya tufe. Tufe ambalo mshipa wake ulikaa upande lilikuwa zito upande mmoja, na halikwenda sawa. Pembe moja nzuri ilitoa matufe machache tu, na kwa kuwa pembe hunyonya unyevu na kunyauka, baada ya muda matufe yalipoteza umbo la mviringo yakahitaji kuchongwa upya, kila mara yakipungua ukubwa.

Sehemu kubwa ya pembe zilizouzwa ulimwenguni karne hiyo ilipitia Zanzibar. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa sahihi mwaka wa 1833, na kufikia 1837 Marekani ilikuwa na balozi mdogo kisiwani humo. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, walileta vitambaa vya pamba ambavyo waswahili waliviita merikani, jina ambalo lingali hai katika lugha yetu, na kurudi na pembe na sandarusi. Pembe hizo zilitoka bara kwa mgongo wa binadamu. Misafara ilitembea miezi mingi kutoka Tabora na Ujiji hadi pwani, na biashara ya pembe ilikwenda bega kwa bega na biashara ya watumwa. Katika sehemu ambayo sasa ni Kenya, Wakamba walikuwa mabingwa wa kupeleka pembe Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, miongoni mwao mfanyabiashara mashuhuri Kivui.

Mchezaji wa Broadway aliyeinama kulenga tufe hakuwa na habari ya mpagazi wala ya ndovu. Phelan, kwa upande wake, alikuwa na habari ya bei. Alilalamika katika maandishi yake kwamba pembe zilikuwa ghali mno, na akatabiri kwamba mvumbuzi atakayepata kitu mbadala angejitajirisha. Kadiri mchezo ulivyopendwa ndivyo bei ilivyopanda, na mahali pa starehe ya karani na fundi pakawa katika hatari ya kurudi kuwa starehe ya tajiri pekee. Kampuni ya Phelan & Collender ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa yeyote ambaye angevumbua kitu cha kushika nafasi ya pembe.

Tangazo hilo lilimfikia John Wesley Hyatt, mchapishaji kijana wa mjini Albany, New York. Hyatt hakuwa mwanakemia. Alijaribu vitu chungu nzima, akapata hataza ya tufe lake mwaka wa 1869, na mwaka uliofuata yeye na nduguye Isaiah wakapata hataza ya kitu walichokiita seluloidi, kilichotokana na pamba iliyotiwa asidi pamoja na kafuri. Kilikuwa miongoni mwa plastiki za kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya biashara. Kutoka hapo zilizaliwa vitana, kola za mashati na baadaye filamu za picha na sinema.

Matufe ya awali ya Hyatt yalikuwa na kasoro ya kuchekesha. Yalishika moto kwa urahisi, na mara nyingine yakigongana kwa nguvu yalitoa mlio kama wa fataki. Hyatt alipokuwa mzee alisimulia kwamba mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia kumweleza kuwa mlio wenyewe haukumsumbua, ila tu kila uliposikika wanaume wote chumbani walichomoa bastola zao. Wachezaji wakubwa walikwepa matufe hayo na kushikilia pembe hadi karne ya 20 ilipokuwa imeanza. Kwa hiyo si kweli, kama inavyodaiwa mara kwa mara, kwamba biliadi ilimwokoa ndovu. Msomaji anayemkumbuka Rais Daniel arap Moi akiziwasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi mnamo Julai 1989 anajua kwamba uchu wa pembe uliendelea muda mrefu baada ya meza za mabaa kujaa matufe ya plastiki. Ila bei ya mchezo ilishuka, na hilo ndilo alilolitaka Phelan.

Phelan aliaga dunia Oktoba 7, 1871, akiwa na umri wa miaka hamsini na ushei, kabla seluloidi haijaenea na kabla ya kujua iwapo kumbi zake zingedumu. Zilidumu, japo si kwa namna aliyoipanga. Katika miongo iliyofuata, nyumba za kukusanyia madau ya mbio za farasi ziliweka meza za biliadi ili wateja wapitishe muda wakisubiri matokeo. Kwa Kiingereza mkusanyiko wa madau huitwa pool, na nyumba hizo zikapata jina hilo. Baada ya muda jina likahama kutoka kwenye dau hadi kwenye meza. Hivyo ndivyo mchezo ambao Phelan alitumia maisha yake kuutenga na kamari ulivyoishia kubeba jina la kamari, nalo ndilo jina linalotajwa leo kutoka Nairobi hadi Manila.

Baraza la biliadi la Marekani lilimweka katika orodha yake ya mashujaa wa mchezo huo mwaka wa 1969. Kampuni yake ilibaki mikononi mwa Collender, ambaye mwaka wa 1884 aliiunganisha na ile ya mahasimu wao wa siku nyingi. Kampuni mpya iliitwa Brunswick-Balke-Collender, ikawa mtengenezaji mkubwa zaidi wa meza za biliadi nchini Marekani. Katika jina hilo refu la watu watatu, jina la Phelan halikuwamo.